Namna ya Kuishughulikia Injini Ndogo ya Mvuke ya Kale Iliyoharibika Safarini

Injini ndogo ya mvuke iliyotengenezwa Nuremberg zaidi ya miaka mia moja iliyopita ikivunjika ndani ya kifurushi, mara nyingi hasara kubwa haitokei kwenye gari la msafirishaji. Hutokea mezani kwa mpokeaji, katika ile saa ya kwanza ambapo uchungu humsukuma kuinyoosha dohani kwa vidole, kuirudisha shafti mahali pake kwa koleo, na kulitupa boksi lililochanika. Akishafanya hivyo, ushahidi wa kudai fidia umepotea, na fundi atakayeitengeneza hana tena njia ya kujua pigo lilitoka upande gani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya saa hiyo, na kwa wiki zinazoifuata.

Injini ninazozizungumzia ni zile za mezani, zenye kimo cha shubiri moja au mbili, zilizouzwa ili watoto wa Ulaya na Marekani wajionee jinsi moto na maji vinavyozaa mwendo. Nuremberg ndiko kulikokuwa na karakana za Bing, Ernst Plank na Doll. Märklin alikuwa Göppingen, Weeden alikuwa New Bedford nchini Marekani, na Waingereza baadaye wakawa na Bowman na Mamod. Nyingi zimejengwa kwa mpango unaofanana: boila ya shaba, silinda moja au mbili, gurudumu zito la kuutunza mwendo, dohani ya bati, taa ya spiriti, na kitako cha chuma cha kusubu, cha bati au cha ubao.

Mpango huo wenyewe hukuonyesha mapema mahali patakapovunjika. Gurudumu ndilo zito kuliko vyote, nalo limeshikwa na shafti nyembamba kama penseli, pengine nyembamba zaidi. Boksi likianguka na kusimama ghafla, gurudumu hutaka kuendelea na safari, kwa hiyo shafti hupinda au nguzo zinazoishika hung'oka. Dohani hubonyea kwa sababu imechomoza na haina unene. Kioo cha kupimia maji huvunjika kwa kubanwa tu, hata bila pigo. Kitako cha chuma cha kusubu, ambacho kwa macho kinaonekana ndicho imara kupita vyote, hakipindi kamwe: hukatika, kama chungu.

Kuna adui mwingine ambaye wauzaji wengi hawamkumbuki, nayo ni maji. Injini yangu ya kusimama wima, ya Bing, ilitoka Ujerumani kuja Leicester, Uingereza, mwezi Januari ikiwa na maji kidogo chini ya boila, kwa sababu muuzaji aliiwasha kunionyesha kwamba inafanya kazi. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kwa kuwa yalikuwa machache, boila haikupasuka, ila yalivuja yakaitia kutu sahani ya chini, na rangi iliyodumu zaidi ya karne moja ikainuka kama ganda la kitunguu. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa, humwandikia muuzaji nikimwomba aikaushe boila kabisa, alegeze valvu ya usalama, na asifunge taa ikiwa na hata tone la spiriti, maana vimiminika vinavyowaka haviruhusiwi katika posta.

Kabla ya kukata gundi ya boksi

Ukimkuta mleta kifurushi bado mlangoni na boksi limebonyea, limelowa au linacheza ndani ukilitikisa kidogo, andika hivyo kwenye karatasi au kifaa anachokupa kutia saini. Maneno mafupi yanatosha: boksi limechanika pembeni, halijafunguliwa. Asipokupa nafasi ya kuandika, lipige picha boksi likiwa bado kizingitini na uandike saa.

Kisha liweke mezani na ulipige picha pande zote sita, pamoja na lebo inayoonyesha uzito na namba ya ufuatiliaji. Fungua kwa kukata gundi ya juu tu. Piga picha kila tabaka la vifungio kabla ya kuliondoa, na picha iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya injini ikiwa bado imelala palepale ilipokuwa, kabla haijaguswa, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha kama kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu kati yake na ukuta wa boksi au ilikuwa imegusana nao. Msafirishaji karibu kila mara hujibu kwamba ufungaji ulikuwa mbaya, na picha hiyo ndiyo itakayoamua.

Usiinue injini kwa kushika dohani, boila wala gurudumu. Pitisha viganja viwili chini ya kitako na uinyanyue kama unavyomnyanyua mtoto mchanga, kisha uiweke juu ya taulo jeupe. Weupe una sababu: nati za shaba zenye ukubwa wa punje ya mtama huonekana juu yake. Vifungio vyote, yaani karatasi, sponji na plastiki ya viputo, vipekue kimoja kimoja juu ya sinia. Usitegemee sumaku, maana shaba haishikwi nayo. Tafuta hasa kifuniko cha firimbi, uzito wa valvu ya usalama, kishikio cha utambi na pini zinazounga mikono ya mwendo. Vipande vya rangi vilivyobanduka navyo vitie ndani ya bahasha na uandike vimetoka sehemu gani. Boksi na vifungio usivitupe mpaka dai lako limalizike kwa maandishi, kwa sababu msafirishaji ana haki ya kutaka kuvikagua.

Jambo moja la afya halina budi kusemwa hapa. Injini za zamani mara nyingine zina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, ama kama kitambaa kilichozungushiwa boila, ama kama gasketi chini yake, na pigo la safarini huweza kuichana. Ukiona nyuzinyuzi za kijivu au nyeupe zimetawanyika, usipulize, usipige brashi, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Zinyunyizie maji kwa ukungu mwepesi, uzifunge katika mifuko miwili, na uulize halmashauri ya eneo lako namna ya kuzitupa. Rangi ya zamani nayo huenda ina risasi, kwa hiyo osha mikono kabla ya kula na usiikwaruze kwa msasa.

Kidonda kipya na kidonda cha zamani

Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa kiini cha kazi yote, kwa sababu uaminifu wako kwa muuzaji, kwa bima na kwa injini yenyewe unaanzia hapa. Si kila ufa ulioukuta umetoka safarini.

Chuma cha kusubu kilichovunjika jana kina uso wa kijivu wenye chembechembe zinazometa, kama sukari iliyopasuliwa. Kilichovunjika miaka ishirini iliyopita kina uso wa kahawia, na ndani ya ufa mna mafuta yaliyoganda, vumbi, pengine hata rangi. Wakati mwingine utaona vyote viwili katika ufa mmoja, nusu yake kahawia na nusu inang'aa: kidonda cha zamani kilikuwapo na safari imekimalizia. Piga picha ya uso huo kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni na rula ikiwa kando, kabla hujaugusa kwa kidole. Unyevu wa mkono hutosha kuanzisha kutu, na kesho yake uso mpya utafanana na wa zamani.

Sehemu zilizosubiwa kwa aloi ya zinki zina ugonjwa wao. Katika miaka ya 1920 na 1930 aloi nyingi zilichanganyika na risasi kidogo, na uchafu huo huzila kutoka ndani: sehemu huvimba, hupinda bila kuguswa, hujaa nyufa kama za matope yaliyokauka, na mwisho hubomoka. Gurudumu la namna hiyo likifika vipande vipande, boksi lilikuwa limebeba kitu kilichokwisha kufa. Kumdai msafirishaji thamani yake yote si haki, ingawa muuzaji aliyelieleza kuwa zima anaweza kuwa na deni la maelezo.

Shaba ya njano pia huweza kupasuka yenyewe. Jeshi la Waingereza nchini India lilikutana na jambo hilo pale maganda ya risasi ya bunduki, yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi, yalipopasuka msimu wa mvua: amonia iliyotoka mazizini ilikuwa ikishambulia shaba iliyobaki na mkazo wa kufinyangwa. Kwa hiyo ufa mwembamba ulionyooka kwenye boila, usio na alama yoyote ya pigo karibu yake, uuangalie kwa shaka. Na kwa sababu hiyohiyo, usiisafishe boila ya kale kwa dawa ya kung'arishia yenye amonia, hata kama babu zetu waling'arisha birika zao nayo kila Ijumaa.

Barua ya madai

Mwandikie muuzaji na msafirishaji siku hiyohiyo. Mkataba wa usafirishaji kwa kawaida ni kati ya msafirishaji na aliyetuma, kwa hiyo mara nyingi aliyetuma ndiye anayepaswa kufungua dai, nawe unampa picha na maelezo. Ukinunua kwa mfanyabiashara aliyeko Uingereza ukiwa mnunuzi wa kawaida, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inaiacha hatari ya njiani kwa muuzaji mpaka bidhaa ifike mikononi mwako, isipokuwa kama msafirishaji umemteua wewe mwenyewe, nje ya wale aliokupa muuzaji. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni inayofanana nayo. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga hiyo haipo, na ndiyo maana bima huhitajika.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mzigo uliosafirishwa kwa ndege chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 unapewa siku 14 tangu kupokewa kwa malalamiko ya uharibifu. Mzigo wa barabarani kati ya nchi chini ya mkataba wa CMR unapewa siku 7 kwa uharibifu usioonekana kwa nje, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Unaoonekana husemwa papo hapo. Vifurushi vya posta viko nje ya Mkataba wa Montreal: huko ulizio hupokewa ndani ya miezi 6 tangu siku inayofuata siku ya kutumwa, lakini mashirika mengi hutaka taarifa ya uharibifu mapema zaidi, kwa hiyo usiutegemee muda huo kama mto wa kulalia.

Kiasi nacho kina mipaka. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha mkataba huo wa Montreal kwa mizigo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Injini yenye uzito wa kilo 6 pamoja na boksi lake haivuki SDR 156, hata kama uliinunua mara tano ya hapo, isipokuwa mtumaji awe ametangaza thamani kubwa zaidi na kuilipia. Tena, masharti ya kampuni nyingi huondoa vitu vya kale na vioo katika bima yao ya kawaida. Soma kifungu hicho kabla ya kununua bima, maana baada ya kuvunjika kimeshasomwa na upande wa pili.

Katika barua yenyewe epuka kulalamika kwa jumla. Eleza kila sehemu, hali yake katika picha za tangazo la mauzo, hali yake sasa, na makadirio ya fundi. Thamani iliyopotea si gharama ya matengenezo pekee: injini yenye rangi yake ya kiwandani iliyovunjwa na kuungwa haiuzwi tena kwa bei ileile, na bei za minada ya injini kama hiyo, zima na iliyotengenezwa, ndizo zinazoonyesha tofauti. Ukilipwa thamani yote, mlipaji huenda akadai mabaki yawe yake. Ikiwa ungependa kubaki na injini, sema mapema, ili thamani ya mabaki ikatwe katika malipo. Usiirudishe kwa muuzaji kabla ya makubaliano ya maandishi, kwani safari ya pili huongeza majeraha na kuvuruga ushahidi.

Kutengeneza

Usianze chochote mpaka dai limekubaliwa au limekataliwa kabisa. Wakati huo tumia kujifunza kwa macho na kutafuta picha za injini ileile iliyo nzima.

Dohani ya bati usiigonge kwa nyundo. Tafuta kijiti cha mbao laini kinachoingia ndani kwa ulegevu, ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele ili rangi ilegee, kisha sukuma kutoka ndani kwa kuviringisha, taratibu, ukisimama mara tu rangi inapoanza kupasuka. Mbonyeo mdogo uliobaki na rangi yake ya asili una thamani kuliko dohani iliyonyooka na kupakwa upya. Ninalisema hili nikijua kwamba wengine hawakubaliani, lakini rangi ya kiwandani hairudishwi na mtu yeyote.

Shafti iliyopinda haipaswi kunyooshwa gurudumu likiwa juu yake, kwa sababu nguvu yote itaishia kwenye nguzo. Ichomoe, iviringishe juu ya kioo bapa, na mwanga unaopita chini yake utakuonyesha ilipopinda. Mpindo mdogo hunyooshwa kwenye jiliwa iliyowekewa vipande vya shaba mdomoni. Mkubwa ni afadhali kuchonga shafti mpya na kuiweka ya asili ndani ya bahasha inayokaa na injini daima. Gurudumu lenye ufa katika mkono wake mmoja lisizungushwe tena, hata kwa dakika moja ya kujaribu: uzito ule ukizunguka kwa kasi unaweza kuruka vipande.

Kitako cha chuma cha kusubu hakibebi presha, kwa hiyo hakuna sababu ya kukipeleka kwa mchomeleaji. Joto lisilo sawa litazaa nyufa nyingine kando ya ile ya kwanza. Usisugue kingo zilizovunjika, maana meno yake yanaingiana na ndiyo yanayorudisha vipande mahali pake halisi. Zisafishe kwa spiriti na uziunge kwa gundi ya epoksi inayokauka polepole. Karibu na moto epoksi hulegea, kwa hiyo huko weka kibati cha kuimarisha upande wa chini, kishikwe na skrubu katika matundu yaliyopo, bila kutoboa jipya.

Kioo cha maji kilichovunjika huwekewa mrija mpya wa kioo kinachohimili joto, uliokatwa mfupi kidogo kuliko nafasi yake, ili shaba ikitanuka kioo kisibanwe.

Viungo vya lehemu vinahitaji subira zaidi. Lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka kuanzia nyuzi joto 183 za Selsiasi, na injini nyingi za watoto zina viungo vingi vya namna hiyo vilivyo karibu karibu. Ukipasha kimoja, jirani yake hudondoka. Funika vya jirani kwa kitambaa kilicholowa, tumia pasi ya kulehemu yenye joto la kutosha kwa muda mfupi, na kamwe usitumie mwali wa gesi kama hujawahi kulehemu kitu cha aina hiyo.

Boila

Boila iliyopata pigo haiwashwi moto mpaka ipimwe kwa maji baridi, hata kama kwa macho ni nzima. Gundi ya aina yoyote haina kazi hapa. Mwenye injini anayeziba ufa wa boila kwa epoksi na kuwasha taa anakaa mbele ya kitu kinachoweza kummwagia maji ya moto na mvuke usoni, na mara nyingi mtoto ndiye aliyesimama karibu zaidi.

Kipimo hufanywa kwa maji kwa sababu maji hayabanwi kama hewa. Boila ikishindwa, hutoa mchirizi tu. Hewa iliyobanwa ingeipasua. Toa valvu ya usalama na firimbi, ziba matundu yake, isipokuwa moja la kuungia pampu ya mkono na geji. Jaza maji mpaka pomoni huku ukiinamisha boila kila upande ili viputo vyote vitoke. Pandisha presha polepole hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi na uiache kwa dakika 10. Injini mpya za Wilesco, mtengenezaji wa Ujerumani wa leo, hupangiwa bar 1.5, lakini kwa injini ya kale iliyopata pigo mimi sivuki bar 1 ya kazi, hivyo hupima kwa bar 1.5 na kuridhika. Sindano ikishuka, futa boila kwa karatasi kavu na utafute mahali inapolowa. Angalia pia miisho ya boila, kwani ikivimba na isirudi, boila hiyo imechoka, iwe inavuja au haivuji.

Ikipita, valvu ya usalama nayo ipimwe kando, kwa sababu valvu iliyopinda na kukwama huifanya boila nzima kuwa hatari. Baada ya hapo jaza maji yaliyochemshwa na kuchujwa hadi robo tatu, weka spiriti kidogo kuliko inavyohitajika kuyamaliza maji, maana boila ikikauka moto ukiwaka, lehemu huyeyuka, na uwashe ukiwa nje au karibu na dirisha lililo wazi.

Isipopita, bado inaweza kuzunguka. Tenganisha bomba la mvuke na boila, na uipelekee silinda hewa ya pampu moja kwa moja kwa nusu bar. Injini yangu ya Bing huendeshwa hivyo hadi leo. Shafti yake ya zamani, vipande vya rangi vilivyobanduka, barua za madai na picha 31 za siku ile ya Januari vimo katika droo iliyo chini yake, na atakayeimiliki baada yangu atakabidhiwa droo pamoja na injini.